Kikundi kikienda nyumba ya Karen Blixen, kiende na maswali ya shamba

Vijana, vikundi vingi vikipanga ziara hutafuta shamba linalofanya vizuri tu. Lakini hata shamba lililoanguka lina somo. Moja liko Nairobi: nyumba ya Karen Blixen, karibu na vilima vya Ngong.

Nyumba ilijengwa mwaka 1912. Blixen aliishi hapo kuanzia 1917 hadi 1931, akilima kahawa kama ekari 600. Ardhi ilikuwa juu mno kwa kahawa, ukame ukaja, kiwanda kikaungua 1923, bei nazo zikaporomoka. Mwishowe shamba likauzwa. Leo nyumba na bustani yake ni makumbusho.

Mpange hivi:

1. Hesabuni watu na mchange nauli kabla ya kukodi matatu.
2. Pigeni simu makumbusho mapema. Ulizeni kiingilio cha kikundi na namna ya kulipa.
3. Ombeni mwelekezi, na mwambieni nyinyi ni wakulima, ili asiishie kwenye samani na filamu. Azungumzie shamba.
4. Gawaneni maswali: huyu mwinuko, yule maji, mwingine mkopo, mwingine soko.
5. Bustanini, tazameni mashine kuukuu za kahawa. Mtaji ulizama humo.

Kabla hamjatawanyika, kila mtu ajibu mbele ya wenzake: zao langu linafaa ardhi yangu, au nimelipenda tu? Aliyelipenda tu asiongeze hata robo ekari kabla ya kupima udongo na kujua maji yatatoka wapi.