Farasi Mwenye Mabawa ya Vitambaa

Swali la juma hili limetoka Kitengela, Kaunti ya Kajiado, ambako familia kadhaa za kwetu pwani zimehamia kwa kufuata kazi. Mama aliyeuliza, mzaliwa wa Lamu, ana mwana wa miaka 12 ambaye fedha zake za Idi huzimalizia kwenye marundo ya mitumba, akinunua wanasesere wa plastiki wa mashujaa wa filamu: huyu hana mkono, yule amefutika uso. Nyumbani huwakwangua rangi, huwabadilisha viungo, akawapaka upya na kuwashonea nguo. Sasa wamefika 14. Baba mtu ameona ni masanamu, na ameamuru wachomwe kabla ya Ramadhani. Mama anataka hukumu ya sheria, naye aeleza kuwa tangu amri hiyo itoke, kijana halali vizuri.

Hofu ya baba ina asili yake. Makatazo ya kutengeneza sura za viumbe yamethibiti katika hadithi sahihi, wala nyumba ya Muislamu si mahali pa kupanga masanamu. Lakini kichezeo cha mtoto kina mlango wake. Abu Daud amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) aliporejea kutoka safari moja, upepo ulifunua pazia, wakaonekana wanasesere wa Bibi Aisha (r.a.), na kati yao farasi mwenye mabawa mawili ya vipande vya nguo. Mtume akastaajabu farasi kuwa na mabawa. Bibi Aisha akamkumbusha kuwa Nabii Suleiman alikuwa na farasi wenye mabawa, naye Mtume akacheka hata yakaonekana magego yake.

Natamani wazazi waisome hadithi hii polepole. Farasi hazaliwi na mabawa. Ulikuwapo mkono uliotafuta vitambaa, ukavikata, ukavifunga mgongoni mwa kichezeo kwa sababu ya kisa kilichosikiwa. Kazi hiyo ndiyo aifanyayo kijana wetu wa Kitengela.

Wako waliosema ruhusa hii ilifutwa baadaye. Hata hivyo Imam Nawawi amemnukuu Qadhi Iyadh kuwa wanazuoni walio wengi wameruhusu, kwa kuwa wasichana hujizoeza malezi kwa wanasesere wao. Basi baba ataniuliza: na mvulana je? Ar-Rubayyi bint Muawwidh (r.a.) ameeleza, katika Bukhari na Muslim, jinsi walivyowafungisha watoto wao siku ya Ashura na kuwatengenezea vichezeo vya sufi, mtoto akililia chakula, hupewa kichezeo hadi wakati wa kufuturu. Hakubagua wa kike na wa kiume. Na hawa mashujaa wa plastiki ni wanasesere waliobadilishwa jina tu: mwaka 1964 kampuni ya Hasbro ya Marekani ilipotoa askari wake G.I. Joe, iliepuka kumwita mwanasesere kwa kuchelea wavulana wasimtake. Biashara ilibadilisha jina. Umbo ni lile lile.

Kwangu mimi, zaidi ya umbo, la kutazamwa ni yule anayewakilishwa. Thor, kwa mfano, ni jina la mungu wa makafiri wa kale wa kaskazini ya Ulaya, na wanasesere wengine nguo zao hazisitiri. Hapa kubadilisha kuna kheri kuliko kununua kipya. Haneefah Adam wa Nigeria alianza mwaka 2015 kuwashonea wanasesere wa Barbie hijabu na nguo za heshima, akawaonyesha watu picha zao. Miaka miwili baadaye kampuni ya Mattel yenyewe ikatangaza Barbie mwenye hijabu, kwa sura ya Ibtihaj Muhammad, mwanamichezo wa Marekani. Kijana wetu naye, asema mama yake, amemnyang'anya shujaa mmoja nyundo, akamfunga kikoi cha kipande cha leso iliyochakaa, akamwita nahodha. Shanga ndogo za kina mama wa Kimaasai wa Kajiado amezifanya vifungo vya kizibao chake.

Upande wa kazi yenyewe, mama asimwache peke yake. Dawa ya kutolea rangi ya kucha, yenye asetoni, hung'oa rangi ya zamani, lakini mvuke wake ni mkali, hushika moto upesi, na plastiki nyingine huyeyuka kwayo. Ajaribu kwanza chini ya unyayo wa mwanasesere, dirisha likiwa wazi na jiko limezimwa. Kichwa kilichokaza hulainika kikiachwa dakika chache katika maji ya moto, na mtu mzima ndiye amimine maji hayo. Kisha huoshwa kwa sabuni, hukaushwa, husuguliwa kwa msasa laini. Rangi ipakwe nyembamba, mara mbili au tatu. Rangi ya kucha isitumike, kwani juu ya plastiki laini hubaki ikinata, na vumbi la Kitengela halina huruma.

Ruhusa hii ina mipaka. Kichezeo kibaki kichezeo: kisipangwe sebuleni kama pambo la kutukuzwa, kisiwekwe mbele ya anayeswali, kisile wakati wa Qur'ani. Ama mtu mzima anayekusanya mamia ya wanasesere kwa fedha ya karo, huyo nisimpe fatwa ya mtoto.

Basi wale 14 wasichomwe. Plastiki ikiungua hutoa moshi wa sumu, na mtoto aliyeona kazi ya mikono yake ikiteketea hatamwonyesha babake kazi nyingine. Baba na aketi naye jioni moja, amuulize kila mmoja ni nani, na asiyefaa wambadilishe pamoja. Nahodha, nasikia, bado hana jahazi.