Sungura wa mutoto ku nyumba: kumupasua ao kumutenga?

Mwaka jana, nyuma ya mutoto wangu wa kike kufaulu masomo, tulimununulia sungura wawili hapa Bukavu. Muuzaji alituapia: «Papa, wote ni majike, usiwe na wasiwasi.» Nyuma ya miezi tatu hivi, asubuhi moja tulikuta mumoja anajingoa manyoya ku kifua na kuyatandika mu kona ya kizimba. Kesho yake kulikuwa watoto saba. Mutoto wangu aliruka kwa furaha. Mimi nikaanza kufanya hesabu.

Hesabu ni hii. Mimba ya sungura inachukua siku 31 hivi. Tumbo moja linaweza kuleta watoto 4 mupaka 10, na wakati mwingine zaidi. Tena jike anaweza kushika mimba ingine siku ile ile amezaa. Dume akibaki mu kizimba kimoja naye, nyuma ya mwezi moja kuko tumbo lingine. Mutu mwenye anafuga kwa kuuza nyama anafurahia jambo hilo. Lakini sungura wa mutoto, mwenye amekwisha kupewa jina, nani atamutia mu sufuria mbele ya macho ya mutoto?

Njo hapo wazazi wengine wanauliza: hatuwezi kumutoa kizazi jike, sawa vile wanafanya kwa mbwa?

Sungura hana «siku zake»

Wafugaji wa mbuzi na ngombe wamezoea kuchunga siku zenye jike anataka dume. Kwa sungura hesabu hiyo haisaidie. Yai lake linatoka nyuma ya kupandwa, kisha saa 10 hivi. Maana yake, karibu siku yoyote dume akimufikia, mimba inawezekana, na dakika moja inatosha. Kuanzia miezi 4 hivi, na kwa aina ndogo hata mbele ya hapo, sungura wako tayari kuzaa. Kwa hiyo uamuzi usingoje. Tenga dume na jike mbele hawajafikisha miezi 3.

Na usiamini muuzaji. Omba mutu mwenye amezoea akuonyeshe: unamushika sungura muzuri, unafinya polepole karibu na mukia. Dume anaonyesha kitu cha mviringo, jike anaonyesha mupasuo. Kwa wadogo kabisa hata mufugaji wa zamani anaweza kukosea, kwa hiyo angalia tena kila juma mbili.

Sababu ya kumutoa kizazi jike

Mu Ulaya na Marekani, waganga wa nyama wanashauri sana jike wa nyumba apasuliwe. Sababu si watoto peke yake. Jike mwenye hajapasuliwa anaweza kupata mimba ya uongo, akatengeneza kitanda cha manyoya na kuwa mukali kwa mikono ya watoto. Sababu kubwa ni kansa ya kizazi, yenye inapata majike wengi nyuma ya miaka 3 ao 4.

Huku kwetu watu wengi hawajasikia ugonjwa huo. Si kusema sungura wetu ni wenye nguvu zaidi. Ni juu jike wa kufugwa kwa nyama hafikie umri ule: nyuma ya miaka miwili ao tatu ya kuzaa, anauzwa ao analiwa. Lakini sungura mwenye anapendwa mu nyumba anaweza kuishi miaka 8 na zaidi. Kwa huyo, hatari ya kansa ni ya kweli.

Hatari ya kisu

Upande mwingine pia uko na uzito. Uchunguzi mukubwa wa Uingereza, wenye ulitangazwa mwaka 2008, ulionyesha kama sungura 1 hivi juu ya 72 alikufa kwa sababu ya kulalishwa na dawa, wakati kwa mbwa ilikuwa karibu 1 juu ya 600. Wale wenye walikuwa na afya nzuri walikufa kidogo kuliko wagonjwa, lakini bado zaidi kuliko mbwa. Na hiyo ni fasi yenye iko na vyombo.

Sungura ni mudogo, anapoteza joto mbio, anaogopa sana, na njia yake ya kupumua ni nyembamba. Tena matumbo yake hayapashwe kusimama. Akikaa bila kula, tumbo linakwama na anaweza kufa hata kama kidonda ni kizuri.

Kumuhasi dume ni kazi ndogo zaidi, juu mapumbu yake yako inje. Hakuna kufungua tumbo. Lakini ujue: nyuma ya kuhasiwa, mbegu zinaweza kubaki ndani. Umutenge na majike juma 4 mupaka 6.

Maulizo ya kumuuliza veterinere

Waganga wetu wengi wa nyama wanatumika sana na ngombe, mbuzi, nguruwe na mbwa. Si haya kuwauliza:

- Umekwisha kupasua sungura ngapi, na wangapi walipona?
- Dawa gani ya kulalisha, na ni nani atachunga pumzi yake?
- Utamupa dawa ya maumivu ya siku zenye kufuata?
- Nimuache bila kula usiku muzima? Akijibu «ndiyo», anamuhesabu kama mbwa. Sungura hatapikaki, na hapashwe kufungishwa njaa.

Kama veterinere wako hana uzoefu, muombe akuelekeze kwa mwingine. Uliza pia ku ofisi ya IPAPEL ya jimbo lako. Kule Butembo, Chuo Kikuu Katolika cha Graben kiko na kitivo cha uganga wa nyama.

Mambo mawili usifanye kabisa. La kwanza, kumupasua mwenyewe na wembe, hata kama jirani anasema amefanyaka vile kwa nguruwe. La pili, kumupa amoksisilini ao ampisilini ya farmasi kwa kinywa juu ya kidonda. Dawa hizo zinaua vijidudu vizuri vya tumbo la sungura, na zinaweza kumuua yeye mwenyewe. Kisha kupasuliwa, chunga majani anakula na mavi anatoa. Kama saa 12 zinapita bila kula, mupigie muganga telefoni bila kungoja.

Sisi tuliamua nini

Veterinere mwenye tulimuuliza alisema ukweli: «Papa, mbwa na mbuzi nimefanya wengi. Sungura, bado.» Nilimushukuru kwa neno hilo. Tulijenga kizimba cha pili kando ya cha kwanza, na waya katikati, juu sungura hapendi kukaa peke yake. Watoto saba tuliwagawia ndugu walipofikisha juma 8, kila mumoja nyuma ya kuangaliwa vizuri.

Dume tutamuhasi siku tutapata muganga mwenye amezoea; hapo watakaa tena pamoja. Kwa jike uamuzi ni muzito zaidi, na tuko na wakati kidogo: bado hajafikisha mwaka moja na nusu. Nimekwisha kumueleza mutoto hatari zote mbili, ya kisu na ya kansa, juu sungura ni wake. Aliniuliza swali moja tu: «Papa, ule muganga wa kupasua sungura, tunaanza kumutafuta lini?»

Tumekwisha kuanza. Na kila magaribi, mbele ya kulala, yeye njo anapita kuangalia kama milango ya vizimba vyote viwili imefungwa.