Ukitaka blogu isiyokuponyoka, shika funguo zake mwenyewe

WATU wa Pwani wanaifahamu vyema nyumba bila ardhi. Mtu hujenga kwa fedha zake, akaezeka na kupaka chokaa, lakini kiwanja ni cha mwingine, naye humlipa mwenyewe kodi ya ardhi. Siku mwenye kiwanja akibadili nia, kuta ni za mjenzi ila mahali si pake.

Hali kama hiyo ipo mtandaoni, ingawa wengi hawaitambui. Mwenye vyumba vya wageni kule Diani, nahodha wa Shimoni anayewapeleka watalii Wasini na Kisite, hata vijana wa Msambweni wanaotaka kukusanya hadithi za Kidigo, wote siku hizi huanzia kwenye ukurasa wa Facebook. Ukurasa huo haulipiwi, lakini haufikii hata hadhi ya nyumba bila ardhi. Ni chumba ndani ya nyumba ya mtu, na masharti ya kuingia na kutoka huyaweka mwenyeji.

Waliopoteza kazi zao kwa njia hiyo si wachache. Oktoba 2009, kampuni ya Yahoo iliifunga huduma ya GeoCities na kurasa za mamilioni ya watu zikaondolewa. Machi 2019, MySpace ilikiri kwamba picha, video na muziki uliowekwa humo zaidi ya miaka mitatu nyuma ulikuwa umepotea wakati wa kuhamisha seva. Hapakuwa na wa kushtakiwa, kwa kuwa wengi wa wenye kazi hizo hawakuwa wamebaki na nakala.

Anayetaka maneno yake yadumu ana njia nyingine: kusimika programu ya blogu katika akaunti aliyoikodi mwenyewe. Kazi hiyo haihitaji shahada ya tarakilishi. Inahitaji alasiri moja ya utulivu, fedha kidogo kila mwaka, na uangalifu kuhusu nani anashika nini.

Jina ndilo la kwanza. Majina yote yanayoishia na .ke husimamiwa na shirika la KENIC, lakini mwananchi huyasajili kupitia kampuni zilizoidhinishwa nalo. Biashara hutumia .co.ke, mashirika yasiyotafuta faida .or.ke, na mtu binafsi aweza kuchukua .me.ke. Tangu 2017 inawezekana pia kusajili jina fupi linaloishia na .ke pekee. Jina halinunuliwi likawa lako milele. Hukodishwa kwa mwaka au miaka kadhaa, kisha hulipiwa upya.

Hapa ndipo penye mtego mkubwa kuliko yote, nami naufahamu kwa sababu nilishiriki kuutega. Rafiki yangu mmoja mwenye vyumba vinne vya wageni karibu na Ukunda aliniomba ushauri, nikampendekezea kijana wa kwao aliyejua kazi hiyo. Kijana alijenga tovuti nzuri. Lakini jina alilisajili kwa baruapepe yake mwenyewe, na akaunti ya seva pia, kisha akapata ajira Ughaibuni akaenda zake. Ilani za kulipia zikawa zinamiminika katika sanduku ambalo hakuna aliyelifungua. Tovuti ilizimika Desemba, wageni wa Krismasi wakiwa katikati ya kuulizia nafasi.

Si kwamba kijana alikuwa na nia mbaya. Ni kwamba hakuna aliyeuliza, nikiwemo mimi, jina limeandikwa kwa nani. Basi msajili jina awe ni mwenye mali, kwa baruapepe anayoisoma kila siku na nambari ya simu ambayo ataendelea kuwa nayo. Fundi apewe ruhusa ya kufanya kazi, asipewe umiliki.

Baada ya jina ni kiwanja chenyewe. Seva ni tarakilishi inayowaka usiku na mchana, ikimpelekea kurasa kila anayeziomba. Kampuni za kuhifadhi tovuti huigawa seva moja kwa wateja wengi, kila mmoja na sehemu yake, na kwa blogu ya kawaida sehemu hiyo ndogo inatosha kabisa. Zipo kampuni za humu nchini zinazopokea malipo kwa M-Pesa, jambo linalomwondolea mtu wa Kinango au Lunga Lunga usumbufu wa kutafuta kadi ya benki.

Kabla ya kulipa, uliza mambo machache. Je, seva ina lugha ya PHP toleo la 8 au zaidi? Je, ina hifadhidata ya MySQL au MariaDB? Je, cheti cha HTTPS, kile kinachoonyesha alama ya kufuli, kinatolewa bure? Shirika la Let's Encrypt limekuwa likitoa vyeti hivyo bila malipo tangu 2015, kwa hiyo anayekutoza pesa nyingi kwa cheti cha kawaida akupe sababu. Uliza pia bei ya mwaka wa pili, kwa maana ile ya mwaka wa kwanza mara nyingi ni chambo.

Ukishalipa, kampuni itakupa majina ya seva zake za majina, ambayo utayaandika kule uliposajili jina lako ili wageni waelekezwe kwenye kiwanja chako. Mabadiliko hayo yaweza kuchukua hata siku mbili kuenea. Usihangaike.

Sasa programu. Iliyoenea zaidi duniani ni WordPress, na historia yake ina funzo kwa tunalolizungumza. Mfaransa Michel Valdrighi alikuwa ameandika programu ya blogu iliyoitwa b2, kisha akaacha kuishughulikia. Kwa kuwa leseni yake ilimruhusu yeyote kuichukua na kuiendeleza, Matt Mullenweg wa Marekani na Mike Little wa Uingereza walifanya hivyo mwaka 2003, na waliokuwa wakiitumia b2 wakapata pa kwenda. Leseni hiyo hiyo ndiyo inayokuwezesha wewe leo kuihamisha blogu yako yote kutoka seva moja hadi nyingine bila kumwomba mtu radhi. Tahadhari tu: wordpress.org ndiko programu inakopatikana bure, ilhali wordpress.com ni biashara inayokupangisha nafasi kwake.

Kampuni nyingi zina kitufe katika paneli yao ya usimamizi, kama ile iitwayo cPanel, kinachosimika WordPress kwa dakika chache. Kitumie, lakini ni vyema kujua kinachotendeka nyuma ya pazia, kwani siku mambo yakiharibika ndiko utakakotafuta.

Kwanza huundwa hifadhidata tupu, pamoja na mtumiaji wake na nywila. Humo ndimo makala yako yatakamokaa. Faili za programu ni kuta tu. Kisha programu hupakuliwa ikiwa faili iliyokunjwa, ikapandishwa kwenye folda ambayo kwa kawaida huitwa public_html, ikakunjuliwa. Kabla ya nyaya za SEACOM na TEAMS kufika Mombasa mwaka 2009, kupandisha faili kwa setilaiti kulikuwa mtihani wa subira. Leo ni suala la dakika.

Hatua ya tatu ni kuikutanisha programu na hifadhidata. Hilo hufanywa na faili iitwayo wp-config.php, inayobeba jina la hifadhidata, mtumiaji wake, nywila na anwani ya seva. Herufi moja ikikosewa, kivinjari kitakuambia kwamba muunganisho umeshindikana. Wengi hukata tamaa hapo, na kumbe kosa ni nafasi tupu iliyonakiliwa pamoja na nywila. Mambo yakienda sawa, utaulizwa jina la blogu na la msimamizi. Usimwite msimamizi "admin", maana wadukuzi hulijaribu jina hilo kwanza.

Kuhusu wadukuzi, milango wanayoipenda ni nywila dhaifu na plagini zilizozeeka, yaani zile programu ndogo za nyongeza. Tangu toleo la 3.7 la mwaka 2013, WordPress hujisasisha yenyewe kwa marekebisho madogo ya usalama, lakini plagini zahitaji jicho lako. Weka zile unazozihitaji tu, nyingine zifute.

Wafikirie pia wasomaji. Picha moja ya ufuo wa Diani kutoka kwenye simu ya kisasa yaweza kuwa na megabaiti 4 au 5. Kumi za namna hiyo katika ukurasa mmoja zitalimaliza bando la kijana aliye Vanga kabla hajaona hata mnazi. Zipunguze hadi kilobaiti 200 hivi kabla ya kuzipandisha. Kwenye kioo cha simu hakuna atakayegundua tofauti.

Linalobaki ni nakala ya akiba, na nakala kamili ina sehemu mbili: faili na hifadhidata. Anayehifadhi faili peke yake amehifadhi kuta na kuacha vyombo. Usiitegemee nakala iliyo kwenye seva ile ile, kwa sababu nyumba ikiungua huungua nayo. Ishushe kila mwezi, uiweke kwenye diski iliyo mikononi mwako.

Rafiki yangu wa Ukunda alilipata jina lake tena baada ya kumtafuta kijana kwa wiki kadhaa, naye kijana hakusita kulikabidhi. Hifadhidata haikupatikana, maoni ya wageni wa miaka mitatu yalipotea. Siku hizi hulipia jina na seva mwenyewe, kila Agosti, miezi minne kabla ya msimu.