Nzi wa matunda afichua siri ya neva na misuli

NZI mdogo anayezingira ndizi mbivu jikoni hana thamani machoni pa wengi. Lakini kwa wanasayansi, mdudu huyo ni mwalimu. Tangu Thomas Hunt Morgan, aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1933, amtumie katika utafiti wake nchini Marekani, nzi wa matunda amefichua mengi kuhusu maumbile. Mojawapo ni jinsi neva na misuli zinavyodumisha mawasiliano yao.

Kati ya neva na misuli pana pengo dogo mno liitwalo sinapsi. Ujumbe unapofika ukingoni, neva humwaga kemikali, ambayo kwa nzi huyu ni glutameti. Ng'ambo ya pili, juu ya misuli, kuna vipokezi, mfano wa milango ambayo hufunguka kemikali hiyo inapobisha. Hapo chembe zenye chaji ya umeme huingia na misuli hujikunja.

Je, ni nani huamua idadi ya milango hiyo? Kwanza, ni neva yenyewe. Nzi angali kiinitete, vipokezi hujikusanya pale neva ilipotua, isipofika, havikusanyiki.

Pili, ni protini zinazotengenezwa na misuli. Kila kipokezi huundwa kwa vipande vinne vya protini. Vitatu ni vya lazima. Kimoja kikikosekana, vipokezi haviundiki na kiinitete hufa. Nafasi ya nne hugombewa na protini mbili, tuziite A na B. Mlango wenye A hukawia kufunga, wenye B hufunga upesi. Misuli ikitengeneza A kwa wingi, B hupungua na mwitikio huwa na nguvu zaidi.

Mwaka 1997, watafiti nchini Marekani walieleza yaliyotokea walipoondoa jeni ya A. Mwitikio wa misuli kwa kila kifurushi cha glutameti ulififia, lakini neva iliongeza idadi ya vifurushi, nguvu ya jumla ikabaki karibu na kawaida. Mwaka 2006 ilibainika kuwa marekebisho hayo hutukia ndani ya dakika 10 vipokezi vinapozibwa kwa sumu ya nyigu. Yaani misuli nayo huipasha neva habari.

Jambo hili linatuhusu. Katika ugonjwa wa miasthenia, kinga ya mwili hushambulia vipokezi vya misuli ya binadamu, ambavyo hupokea kemikali nyingine iitwayo asetilikolini. Neva za wagonjwa pia huongeza kemikali kujaribu kuziba pengo. Hata hivyo, juhudi hizo zina kikomo. Vipokezi vikipungua kupita kiasi, kope hulegea, na kutafuna au kumeza huwa shida.

Wahenga walinena kuwa kidole kimoja hakivunji chawa. Neva haiwezi kuutikisa mwili peke yake. Sharti misuli iitikie, na mmoja akidhoofika, mwenzake hujikaza.