Bundi wa mjini, bundi wa porini: Yupi anamlindia mkulima mahindi?

UKILALA Mikumi mjini, kando ya barabara kuu iendayo Iringa na Zambia, utasikia malori usiku kucha. Yakinyamaza kidogo, huenda ukasikia sauti nyingine, mkwaruzo mrefu unaotoka kwenye dari au paa la ghala. Huyo ni bundi. Wengi wetu tumelelewa tukiambiwa kwamba akilia juu ya nyumba kuna msiba unakuja, au ametumwa na mtu. Ndiyo maana hupigwa mawe na kiota chake huchomwa moto.

Mimi ni mchumi wa kilimo na sikuja kugombana na imani ya mtu. Swali langu ni la hesabu tu. Ndege huyu anakula nini, na anachokula kina thamani gani kwa mkulima wa Kilosa? Jibu linategemea aina ya bundi na mahali anapoishi.

Hasara ya panya

Panya shamba, ambaye wataalamu humwita Mastomys natalensis, ndiye msumbufu mkubwa wa mahindi kati ya panya wote nchini. Watafiti wamekadiria kuwa panya huharibu kati ya asilimia 5 na 15 ya mahindi ya Tanzania kwa mwaka. Chukua mfano wa mkulima ambaye ekari yake ingempa gunia 10. Kwa makadirio hayo anapoteza kuanzia nusu gunia hadi gunia moja na nusu.

Lakini hasara haigawanyiki sawa. Mmoja hapotezi kitu, jirani yake anapanda mara mbili. Panya hufukua mbegu mara tu zikipandwa, na huendelea kula miche kwa takriban wiki mbili za mwanzo. Anayelazimika kupanda upya hununua mbegu mara ya pili, hulipa vibarua mara ya pili, na mvua ya mwanzo imeshampita.

Stakabadhi ya bundi

Bundi hana meno. Humeza panya mzima au vipande vikubwa, kisha baada ya saa kadhaa hutapika donge la manyoya na mifupa. Madonge hayo hurundikana chini ya mahali anapolala. Kwa mchumi, kila donge ni stakabadhi: linaonyesha bundi amekula nini usiku uliopita.

Stakabadhi hizo hazifanani. Katika msitu wa miombo kama ule wa Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, wapo bundi wadogo wa mitini ambao hula zaidi wadudu, kama panzi, nyenje na nondo. Yupo pia bundi mkubwa kuliko wote, mwenye kope za rangi ya waridi, ambaye anaweza kukamata kalunguyeye, komba na hata kanga. Hao wana kazi yao porini, lakini mchango wao katika shamba la mahindi ni mdogo.

Mjini mambo hubadilika. Taa za barabarani huvuta wadudu, na bundi wenye madoa na vishungi kama masikio huja kuwinda hapo. Baadhi yao hugongwa na magari. Ndege wadogo kama shomoro hulala kwa makundi kwenye mapaa na miti, na popo hukaa darini, hivyo nao huingia kwenye mlo. Jambo hili halipo Afrika peke yake. Nchini Uingereza, bundi wa kahawia wanaoishi katika bustani za London wamekutwa wakila ndege kwa wingi, hasa shomoro, wakati wenzao wa msituni hutegemea zaidi panya.

Rafiki hasa wa mkulima ni yule bundi mwenye uso mweupe wenye umbo la moyo. Huzalia kwenye mapango ya miti mikubwa, na pia kwenye maghala na majengo ya zamani. Akiishi karibu na mashamba, sehemu kubwa ya chakula chake huwa panya. Nchini Malaysia, kwenye mashamba ya michikichi, zaidi ya asilimia 90 ya mawindo yake yamekutwa kuwa panya, na wenye mashamba humwekea masanduku ya kutagia.

Tusimtwishe mzigo wote

Je, ukimkaribisha bundi tatizo litakwisha? Hapana. Panya shamba jike huweza kuzaa watoto 11 hivi kwa mkupuo mmoja. Mkoani Morogoro, panya hao huzaliana baada ya masika na idadi yao hufikia kilele kuanzia Septemba hadi Novemba. Vuli ikija mapema na kwa wingi, huanza kuzaa mapema na mlipuko huweza kufuata.

Jaribio lililofanyika katika mashamba ya mahindi mkoani Morogoro, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2006, linatufundisha. Baadhi ya mashamba yalifunikwa nyavu ili ndege wawindaji wasiingie, mengine yakawekewa vigingi na masanduku ya kuwavuta. Palipokosa wawindaji panya waliongezeka haraka zaidi. Hata hivyo, katika mashamba ya wazi faida ilifunikwa na panya waliohamia kutoka nje. Maana yake ni kwamba bundi hupunguza panya, lakini jirani mwenye pori la nyasi anaweza kukurudishia wale aliowala.

Mkulima afanye nini

Kwanza, usiue bundi wala kubomoa kiota chake. Huyu ni kibarua wa usiku asiyedai ujira.

Pili, kabla ya kutumia fedha kutengeneza sanduku, kusanya madonge yaliyo nje ya hifadhi, chini ya ghala au mti. Vaa mfuko wa plastiki mkononi, yaloweke kwenye maji, kisha hesabu mafuvu. La panya lina meno mawili marefu mbele, la ndege lina mdomo na halina meno, la popo ni dogo lenye meno makali. Nawa kwa sabuni. Ukikuta panya wengi, bundi huyo anafaa kusaidiwa. Ukikuta ndege na popo, mwache aishi, lakini fedha yako ipeleke kwenye palizi.

Tatu, simika vigingi vya kutua shambani. Gharama yake ni miti michache na nusu siku ya kazi.

Nne, angalia sumu. Zile zinazozuia damu kuganda hubaki mwilini mwa panya, na bundi akila panya wengi wa namna hiyo naye hudhurika. Muulize ofisa ugani kabla ya kununua, na zika mizoga.

Tano, safisheni mipaka na pandeni kwa wakati mmoja, kitongoji kizima. Panya hajui mpaka wa shamba lako na la jirani, na bundi wako hawezi kuwamaliza wote peke yake.