Lori Likipiga Honi, Uamuzi Uwe Tayari

Ndugu msomaji, ni mwezi wa Julai, nawe umekwisha kupukuchua mahindi yako. Lori kutoka Sumbawanga mjini limesimama njiani. Mnunuzi asema, "Nipe sasa hivi, kesho sipiti huku." Mtoto ataka sare ya shule, na dukani una deni. Je, utaamua nini?

Wengi wetu huamua papo hapo. Kisha, mwezi wa Januari, twanunua debe kwa bei kubwa kuliko tuliyouzia. Kosa letu si kuuza, bali kuamua huku injini ya lori inanguruma.

Wazee wa Ufipa walitangulia kufikiri. Mvua zikikaribia kwisha, walifukia majani katika matuta ya mviringo ili yaoze, yakarutubishe ulezi wa msimu uliofuata. Na uamuzi vivyo hivyo: hutayarishwa kabla ya siku yake.

Basi, kabla ya mavuno, keti na mwenzako nyumbani, mwandike mambo manne.

Kwanza, chakula. Tuseme mmepata magunia 20, na nyumba yenu hula 8 kwa mwaka. Hayo 8 hayauzwi, aje nani.

Pili, lisilorudi. Gunia lililouzwa halirudi. Lililo ghalani laweza kuuzwa baadaye. Kwa hiyo uza kwanza ya haja za lazima, kama deni na mbolea. Yaliyobaki yauze kwa mafungu, usitegemee bei ya siku moja. Lakini ghala lenye dumuzi si akiba: kausha vema, utie katika mifuko isiyopitisha hewa.

Tatu, mizani. Lumbesa imekatazwa na sheria. Gunia la kilo 100 likijazwa hata kufika 120, umetoa kilo 20 bure. Magunia matano ya namna hiyo, na gunia zima limekwenda bila malipo! Uliza bei ya kilo, si ya gunia.

Nne, sababu. Andika tarehe, bei, na kwa nini uliuza. Mwakani soma tena, utajua ulipokosea na ulipofanya vema.

Hapo mnunuzi akipiga honi, huna haja ya kubishana naye. Fungua daftari, umwambie yaliyo ya kuuza na yasiyo ya kuuza. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.