Nani Mwenye Leseni ya Kumsaidia Mtoto Asiyesema Vizuri Shuleni?



Katika ziara zetu za Iringa na Mbeya tumekutana na swali ambalo hatukuwa tumejiandaa kulijibu. Kamati moja ya upande wa Kilolo ilikuwa imechangishana fedha kwa ajili ya mtoto wa miaka tisa, mwanafunzi wa darasa la pili, ambaye maneno yake hayakueleweka. Mtu mmoja alijitambulisha kwao kuwa ni "mtaalamu wa usemi", wakakubaliana alipwe kila mwezi. Kwa miezi minne mtoto alirudiarudia silabi bila mabadiliko. Hatimaye mama yake alimpeleka hospitali, ikaonekana kwamba mtoto hasikii vizuri masikio yote mawili. Alikuwa akitokwa usaha masikioni tangu akiwa mdogo.

Mzee wa kanisa alituuliza, "Mratibu, sisi tulimwamini. Tungemwomba karatasi gani?" Tuliona aibu kidogo, kwa sababu hata sisi ofisini hatukuwa na jibu kamili. Tumelitafuta, na tunawaletea hapa.

Kazi yenyewe ni ipi?

Mtaalamu wa tiba ya usemi na lugha hupima na kutibu matatizo ya kutamka, kigugumizi, kuchelewa kusema, na sauti inayotokea puani kwa mtoto aliyezaliwa na kaakaa lililopasuka. Huwasaidia pia watoto wenye usonji na wenye mtindio wa ubongo. Wengi hawajui kwamba mtaalamu huyo hushughulikia pia kumeza. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo akilishwa vibaya, uji unaweza kuingia kwenye mapafu na kumletea homa ya mapafu. Kwa hiyo kazi hii ikifanywa na asiyeijua, mtoto anaweza kudhurika. Hiyo ndiyo sababu ya kudai leseni.

Mlango wa kwanza: afya

Tiba ya usemi ni fani ya afya. Nchini kwetu wataalamu wa afya shirikishi wako chini ya Sheria ya Madaktari, Madaktari wa Meno na Wataalamu wa Afya Shirikishi, Na. 11 ya mwaka 2017, inayosimamiwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Cheti cha chuo peke yake hakitoshi. Baada ya chuo mhusika husajiliwa na Baraza, kisha hupewa leseni ya kufanya kazi. Usajili na leseni ni vitu viwili. Usajili unaonyesha kwamba mtu ametambuliwa katika fani yake. Leseni inaonyesha kwamba anaruhusiwa kufanya kazi hiyo sasa. Leseni ina muda wake, hivyo someni tarehe.

Mlango wa pili: elimu

Mwalimu wa elimu maalumu hupita mlango mwingine. Sheria ya Elimu Na. 25 ya 1978 iliweka masharti ya kusajiliwa kwa walimu, na sheria Na. 5 ya mwaka 2018 ilianzisha Bodi ya Kitaaluma ya Walimu Tanzania. Walimu wa elimu maalumu huandaliwa katika Chuo cha Ualimu Patandi, Arusha, na katika baadhi ya vyuo vikuu. Chuo Kikuu cha Sebastian Kolowa cha Lushoto, kilichoanzishwa na kanisa letu mwaka 2007, nacho kilifundisha fani hiyo.

Mwalimu huyu anaweza kumpangia mtoto kiti cha mbele, kumfundisha kwa picha, na kumpa nafasi ya kujibu kwa njia anayoiweza. Kwa mtoto kiziwi, mwalimu anayejua lugha ya alama ndiye msaada mkubwa kuliko wote. Wanaotilia shaka jambo hili wafike Neema Crafts, Iringa mjini, kituo kilichoanzishwa mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana. Katika mgahawa wake wahudumu ni viziwi, na mteja huandika anachotaka akaletewa.

Lakini mwalimu wa elimu maalumu, hata akiwa hodari, hana leseni ya kutibu. Vivyo hivyo mtaalamu wa tiba hapewi darasa kwa sababu tu ana leseni ya afya. Mtoto asiyesema vizuri anahitaji milango yote miwili ifunguke, na watu wa pande hizo mbili wazungumze wao kwa wao.

Wenzetu wanafanyaje?

Marafiki zetu wa Marekani wanajua ugumu wa jambo hili kwao. Anayetaka cheti cha chama cha kitaifa cha fani hiyo husoma hadi shahada ya uzamili, hutimiza saa 400 za mafunzo ya vitendo, hufanya mtihani, kisha hufanya kazi chini ya msimamizi kwa wiki zisizopungua 36. Juu ya hapo kila jimbo lina leseni yake, na baadhi ya majimbo hudai pia cheti cha idara ya elimu kwa anayefanya kazi shuleni. Uingereza jina lenyewe la mtaalamu wa tiba ya usemi na lugha linalindwa na sheria. Asiyesajiliwa akilitumia anavunja sheria. Jirani zetu wa Uganda walianza kufundisha fani hii katika Chuo Kikuu cha Makerere mwaka 2008.

Tunasema haya pia kwa ajili ya wageni wanaojitolea kuja kwetu. Leseni ya Minnesota au ya London haimruhusu mtu kutibu Iringa. Mgeni anatakiwa kutambuliwa na Baraza la hapa na kuwa na vibali vya kuishi na kufanya kazi. Tafadhali tuandikieni mapema kabla ya kukata tiketi.

Maswali ya kamati kabla ya kulipa

1. Jina lake limesajiliwa na Baraza au Bodi ipi, na katika fani ipi?
2. Leseni yake inaisha lini? Msiridhike na nakala. Iulizeni ofisi iliyoitoa.
3. Je, mtoto amepimwa masikio kabla ya mazoezi kuanza?
4. Je, anajua lugha ya nyumbani? Mtoto aliyekulia katika Kihehe au Kinyakyusa na sasa anajifunza Kiswahili si mgonjwa. Mwenye tatizo la kweli huonekana nalo hata katika lugha ya mama yake.
5. Je, mkuu wa shule na afisa elimu wameridhia kwa maandishi, na je, mtoto hatabaki chumbani peke yake na mgeni?

Tufanye nini wakati hakuna mtaalamu?

Hatutaki makala hii iwafanye mkae kusubiri. Wataalamu wenye sifa ni wachache mno nchini, na kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800. Mambo mengine hayahitaji leseni. Mpelekeni mtoto kituo cha afya, mkaombe rufaa kwa daktari wa masikio, pua na koo. Msikubali akatwe kimeo wala chini ya ulimi na mtu wa mtaani. Zungumzeni naye mkimtazama usoni, mpeni muda wa kumaliza, na mkemeeni anayemwita bubu.

Jambo la mwisho ni pendekezo. Fedha ya kumlipa mtu asiye na sifa kwa miaka kadhaa ingeweza kuanza kumsomesha kijana wetu mmoja. Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kina shahada ya usikivu na tiba ya usemi na lugha. Tunaomba kila kamati ijadili katika kikao chake kijacho kama kuna kijana aliyefaulu masomo ya sayansi, aliye tayari kusoma na kurudi, nasi tutawasilisha majina kwa wafadhili.

Yule mtoto wa Kilolo ametibiwa masikio na sasa anakaa dawati la mbele. Bado maneno yake hayajanyooka. Mama yake anatuambia kwamba akimwita kwa nyuma, siku hizi anageuka.

Ofisi ya Miradi